Nani Apange Viwanda vya Wilaya?



Katika somo hili tutazungumza juu ya viwanda. Hatutaeleza namna ya kusaga unga wala kukamua mafuta, maana hayo wengi wenu mnayajua kuliko mwandishi. Tutazungumza juu ya jambo linalotangulia mashine. Jambo hilo ni uamuzi. Nani anaamua kiwanda kijengwe wapi? Nani anaamua kitengeneze nini, kipate mkopo gani, kilipe ushuru kiasi gani? Je, ni wakubwa walioko makao makuu, au ni wale wanaofanya kazi yenyewe huku wilayani?

Maamuzi kama hayo yakiwekwa pamoja huitwa sera ya viwanda. Sera ni njia ambayo serikali imechagua kuifuata katika jambo fulani. Kwa miaka mingi sera ya viwanda iliandikwa mjini, ikatumwa vijijini kama barua. Siku hizi wapo wanaosema kwamba sehemu ya sera hiyo wapewe wafanyabiashara na mafundi wa mahali penyewe. Hebu tuone kama wanasema kweli.

KIWANDA CHA VIATU CHA MOROGORO

Tuanze na habari iliyotokea hapa kwetu Tanzania. Katika miaka ya 1970 ulipangwa mpango wa kujenga kiwanda kikubwa cha viatu mjini Morogoro, kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Ulikuwa mpango mkubwa kweli. Kiwanda kilitakiwa kutoa jozi milioni 4 kila mwaka, na nyingi kati ya hizo ziuzwe Ulaya. Mashine za kisasa zikaletwa. Jengo likasimama.

Lakini katika kila jozi 100 zilizotazamiwa, kiwanda hakikuwahi kutoa zaidi ya jozi 4. Mashine ziliharibika na vipuri vikakosekana. Kuta zilikuwa za bati la aluminiamu, na hewa haikuwa na njia nzuri ya kupita. Jengo la namna hiyo halifai kwa joto la Morogoro. Viatu navyo havikuwapendeza wanunuzi wa Ulaya. Mwaka 1990 kazi ilisimama kabisa.

Sasa fikiri kidogo. Habari ya ukuta wa bati haihitaji mtaalamu kutoka ng'ambo. Mtu yeyote aliyewahi kushinda chini ya bati mwezi wa Januari angeisema bure, bila posho. Na fundi viatu wa sokoni, yule anayekata katambuga za matairi, angejua watu wananunua kiatu gani na kwa bei gani. Waliopanga hawakuwa wajinga, wala tusiwacheke. Nchi ilitaka viatu, ilitaka fedha za kigeni, na ilitaka upesi. Kosa ni kwamba walio mbali waliamua mambo ambayo yanaonekana kwa karibu tu.

OFISI ILIKARIBIA, UAMUZI JE?

Serikali yenyewe ililiona tatizo hili mapema. Mwaka 1972 ilianza mpango ulioitwa Madaraka Mikoani. Maofisa wengi walitolewa Dar es Salaam wakapelekwa mikoani na wilayani, na fedha za maendeleo zikagawiwa mikoa. Mwaka 1973 likaundwa Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, yaani SIDO. Shirika hili limefanya kazi nzuri mikoani. Limefundisha mafundi na limekopesha watu mashine.

Lakini tazama upande wa pili. Katika mpango huohuo wa 1972, halmashauri zilizochaguliwa na wananchi zilifutwa. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika navyo vikavunjwa. Basi ofisi ilimkaribia mwananchi, lakini mwenye sauti akawa ofisa. Mwananchi akawa wa kuitwa mkutanoni kuambiwa. Sheria mpya zilitungwa mwaka 1982, na halmashauri za wilaya zikaanza kazi tena mwaka 1984. Ilikuwa ni kukiri kwamba kusogeza meza ya bwana mkubwa wilayani si sawa na kusogeza uamuzi.

Jambo la namna hiyo tumeliona tena karibuni. Mwezi wa Desemba mwaka 2017 kila mkoa uliagizwa uwe na viwanda vipya 100 katika mwaka mmoja. Mikoa ni 26 ya Tanzania Bara, kwa hiyo 26 mara 100 ni viwanda 2,600. Mikoa ikaanza kuhesabu. Kwa sera ya mwaka 2003, shughuli yenye watu 1 mpaka 4 ni ya ukubwa wa chini kabisa, na yenye watu 5 mpaka 49 ni ndogo. Kwa hesabu hiyo hata chumba chenye vyerehani vichache kinaingia kwenye orodha. Wala si dhambi, maana fundi cherehani naye ni mwenye kiwanda. Lakini mkoa ulitakiwa kupeleka idadi. Haukuulizwa swali: ninyi huko kwenu, kinachowazuia ni nini? Ukimpa mtu hesabu ya kujaza, atajaza.

MJI WA SIALKOT

Je, pako mahali ambapo wafanyabiashara wenyewe waliamua, na matokeo yakaonekana? Pako. Itabidi tusafiri mpaka nchi ya Pakistani, katika bara la Asia, maana huko jambo hili limeonekana wazi, wema wake na ubaya wake.

Sialkot ni mji ulio kaskazini mashariki ya Pakistani, jirani na mpaka wa India. Uko mbali sana na bahari. Kutoka hapo mpaka bandari ya Karachi ni zaidi ya kilomita 1,000. Kwa macho ya mpangaji wa makao makuu, si mahali pa kuweka viwanda vya kuuza ng'ambo. Lakini mafundi wake ni hodari tangu zamani. Wahunzi wa Sialkot walikuwa wakifua panga na visu. Inasimuliwa kwamba zaidi ya miaka 100 iliyopita hospitali ya misheni ilianza kuwapelekea mikasi na koleo za upasuaji wazitengeneze. Wakazitengeneza, kisha wakaanza kufua mpya. Leo vyombo vya upasuaji kutoka Sialkot vinauzwa dunia nzima. Wengine wakashika kazi ya kushona mipira ya miguu. Baadhi ya mipira iliyochezewa Kombe la Dunia mwaka 2014 ilitoka huko.

Viwanda vyenyewe vingi ni vidogo. Mmoja anafua, mwingine anasugua, wa tatu anang'arisha. Kila mmoja peke yake ni mnyonge. Lakini wana vyama vyao, na wana chama kikubwa cha wafanyabiashara wa mji.

Taabu yao kubwa ilikuwa ushuru wa forodha. Mizigo ilikaguliwa mbali, ikachelewa, ikafunguliwa na kuharibika. Katika miaka ya 1980 wafanyabiashara wakakubaliana na serikali wajenge bandari kavu karibu na mji. Bandari kavu ni mahali pa nchi kavu ambapo mzigo unakaguliwa na kufungwa kama vile uko pwani. Wao walitoa fedha, serikali ikaleta maofisa wa forodha. Mzigo ukawa unakaguliwa nyumbani.

Wakaona inafaa. Baadaye walikubali kujikata sehemu ndogo ya mauzo yao ili kutengeneza barabara za mji. Kisha wakajenga kiwanja cha ndege kwa fedha zao, kikafunguliwa mwaka 2007. Mwaka 2020 hata shirika lao la ndege likaanza kuruka. Msomaji, usidhani watu hawa ni matajiri wa ajabu tangu mwanzo. Walianza na bandari kavu. Walichagua jambo moja lililomuumiza kila mmoja wao, wakalimaliza, ndipo wakapata moyo wa kushika la pili.

SASA UBAYA WAKE

Tusidanganyane. Sialkot inafundisha jambo jingine pia, na hili wanaosifu biashara huru hulipitia mbiombio.

Mwaka 1994 Marekani ilizuia vyombo vya upasuaji vya Sialkot kwa sababu ya ubora. Kila mwenye karakana alikuwa akifanya anavyojua, na baadhi ya vyombo havikuwa vya kuaminika. Mauzo yakaanguka. Chama cha watengenezaji kikaiendea serikali, wakaleta wataalamu wa kuwafundisha namna ya kupima na kuandika kila hatua ya kazi, na baada ya miaka michache viwanda vingi vikapata hati za ubora. Angalia hapo. Chama kilijua mafundi wake wako wapi, lakini hakikuanza kazi hiyo mpaka mlango ulipofungwa na watu wa nje.

La pili ni zito zaidi. Mipira mingi ilikuwa inashonwa majumbani, na katika nyumba hizo walikuwamo watoto, wameinamia sindano badala ya kwenda shule. Wafanyabiashara wa mji waliyajua hayo. Walikuwa na umoja, walikuwa na nguvu ya kujenga bandari kavu, lakini jambo hili halikuwa katika ajenda yao mpaka magazeti ya ng'ambo yalipotoa picha katikati ya miaka ya 1990. Mwezi wa Februari mwaka 1997 chama chao kilitia sahihi mapatano na Shirika la Kazi la Dunia na UNICEF ili watoto watolewe katika kazi hiyo. Ushonaji ukahamishiwa kwenye vituo vinavyoweza kukaguliwa. Na hapo wanawake wengi waliokuwa wakishona nyumbani huku wakilea wakapata shida, maana hawakuweza kwenda vituoni. Hawakuwamo katika kikao kilichoamua.

Basi usemi kwamba "wenye biashara wa mahali waachiwe waamue" una swali ndani yake. Wenye biashara ni akina nani? Mwenye karakana na mshonaji hawaoni jambo moja kwa jicho moja.

TURUDI KWETU: MASHINE YA ALIZETI

Tuchukue mfano wa kazi inayofahamika katika mikoa kama Singida na Dodoma. Tuseme yupo mama mmoja ana mashine ya kukamua alizeti pembeni ya barabara. Anakamua, anachuja, anauza mafuta kwa dumu na chupa, na mashudu anawauzia wafugaji. Wakati wa mavuno mashine yake haipumzi. Miezi baadaye mbegu zimekwisha, na mashine imefunikwa turubai. Vijana wake wawili wanakaa bila kazi mpaka mavuno mengine.

Kwa nini mbegu zimekwisha? Kwa sababu wakati wa mavuno yeye hana fedha ya kununua na kuweka stoo. Wanakuja wachuuzi wenye magari, wananunua zote, wanaondoka nazo. Ukimuuliza mama huyu anataka nini, hatakuambia kwanza mashine kubwa. Atakuambia fedha ya kununulia mbegu kwa miezi miwili, na ghala lisilovuja. Kumbe mgeni mwenye nia njema angemletea mashine ya pili! Na hiyo ya pili nayo ingefunikwa turubai.

Sasa tugawanye mambo yake. Yako mambo ambayo wilaya haiwezi kuyaamua hata ikipewa. Mafuta ya mawese kutoka nchi za nje yakiingia kwa bei ya chini, mafuta ya alizeti hayauziki. Kodi ya forodha inayoyazuia inaamuliwa na nchi yetu pamoja na wenzetu wa Afrika Mashariki. Haiwezekani kila wilaya kuwa na kodi yake. Ubora wa chakula pia ni wa nchi nzima. Tangu mwaka 2019 ukaguzi wa chakula uko chini ya Shirika la Viwango, TBS. Sialkot imetuonyesha kwamba kipimo cha ubora hakifai kuachwa mikononi mwa wauzaji peke yao.

Lakini yako mengi yaliyo hapa hapa. Eneo la viwanda litengwe wapi, karibu na nguzo za umeme au kule porini kwa sababu tu ardhi ni ya bure? Ghala la kijiji litumike namna gani? Barabara ipi ichongwe kwanza kabla ya mavuno? Na ushuru wa mazao je? Mwaka 2017 ushuru huo ulipunguzwa kutoka shilingi 5 kwa kila 100 mpaka shilingi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula. Tufanye hesabu. Mama akinunua alizeti ya shilingi 1,000,000, kwa kiwango cha 3 ushuru ni shilingi 30,000. Zamani, kwa kiwango cha 5, ungekuwa 50,000. Tofauti ni shilingi 20,000. Halmashauri inazihitaji fedha hizo, maana zahanati nayo inataka dawa. Lakini zikikusanywa kwa wakamua mafuta, hata sehemu yake kidogo irudi kutengeneza paa la ghala? Hilo ni swali la wilaya. Wizara haiwezi kujua ghala gani linavuja.

BARAZA LA BIASHARA LA WILAYA

Msomaji anaweza kuuliza: mahali pa kuyasema hayo pako wapi? Watu wengi hawajui kwamba pamekwisha wekwa. Mwaka 2001 liliundwa Baraza la Taifa la Biashara, na mwenyekiti wake ni Rais. Chini yake yako mabaraza ya mikoa na ya wilaya. La mkoa huongozwa na Mkuu wa Mkoa, na la wilaya na Mkuu wa Wilaya. Wajumbe wanatoka serikalini na kwa wafanyabiashara. Kazi yake ni pande hizo mbili kukaa pamoja na kuondoa vikwazo.

Kwenye karatasi hilo ni jambo zuri sana. Lakini mwandishi anaona kasoro tatu.

Kwanza, mwenye kuita kikao ni upande mmoja. Mkuu wa Wilaya akiwa na mambo mengine, baraza linalala. Kule Sialkot chama ni cha wafanyabiashara wenyewe. Kikao chao hakingoji mtu.

Pili, baraza linashauri tu. Halina fungu lake. Mtu akipewa madaraka bila fedha amepewa ufunguo wa nyumba isiyojengwa. Fedha ziko kwenye halmashauri. Kwa mfano, kwa sheria halmashauri hutenga shilingi 10 katika kila 100 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 za wanawake, 4 za vijana, 2 za watu wenye ulemavu. Ni fedha ya wilaya yenyewe, na uamuzi ni wa wilaya yenyewe. Lakini mwaka 2023 serikali iliisimamisha, kwa kuwa fedha nyingi hazikurejeshwa na vikundi vingine vilikuwa hewa. Ikarudishwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Hapo tuseme ukweli wote: madaraka yaliletwa chini, na wengine huku chini tukayala. Jirani alijua kwamba kikundi fulani hakipo, akanyamaza. Ndiyo maana orodha ya waliokopa ibandikwe ukutani, katika ofisi ya kijiji, kwa herufi kubwa. Kijijini kila mtu anamjua mwenzake, na huo ni ukaguzi ambao makao makuu hayawezi kuufanya. Lakini hauwezi kufanyika kama orodha imefungiwa kabatini.

Tatu, ni nani wanaoingia? Mara nyingi anayeitwa mfanyabiashara wa wilaya ni yule mwenye kituo cha mafuta, au mkandarasi, au mwenye mabasi. Hao ni watu wa maana. Lakini mkandarasi anaingia barazani akitafuta kazi ya barabara. Mwenye mashine ya alizeti, fundi seremala, mama wa kikundi cha sabuni, hawaitwi, kwa kuwa hawana chama cha kuwasemea. Ofisa akitaka kuwaita, amwite nani? Kwa sababu hiyo kazi ya kwanza haiko wilayani. Iko kwa wakamua mafuta kumi wanaokaa kata moja, na ambao leo wanashindana kwa bei ya dumu na hawajapata kukaa pamoja chini ya mwembe hata siku moja. Wakikaa na kuandika jambo moja, moja tu, linalowaumiza wote, watakuwa na kitu cha kupeleka. Iwe ghala. Iwe umeme unaokatika saa za kazi. Na waandike pia wao watatoa nini: mchanga, matofali, au shilingi ngapi kwa kila gunia. Mwombaji anayekuja na sehemu yake mkononi husikilizwa upesi zaidi. Watu wa Sialkot waliifikisha forodha mjini kwao kwa njia hiyo.

Na wale vijana wawili wanaoendesha mashine, wapewe nafasi kikaoni. Wao ndio wanaojua mkanda unakatika mara ngapi, na mtu analipwa kiasi gani.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Katika kijiji chenu iko mashine au karakana iliyosimama? Kabla ya kununuliwa, nani aliulizwa?

2. Andikeni mambo matano yanayozuia kazi za mikono katika kata yenu. Wekeni alama kwenye yale ambayo wilaya inaweza kuyaamua bila kungoja wizara.

3. Kikundi kikinunua alizeti ya shilingi 2,400,000, na ushuru ni shilingi 3 kwa kila 100, kitalipa ushuru kiasi gani?

4. Mwenyekiti wa kikundi na afisa maendeleo ya jamii wa kata waulizwe: Baraza la Biashara la Wilaya lilikaa mara ya mwisho lini, na nani alisema kwa niaba ya watu wenye kazi ndogo? Jibu liandikwe kwenye daftari la kikundi pamoja na tarehe.